Siki, jiki na chupa ya maji ya matunda: uchambuzi wa kisa cha dawa za usafi za kutengenezwa nyumbani, Umoja, Nairobi

Kisa hiki kinahusu familia ya watu watano inayoishi katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, mtaani Umoja, mashariki mwa Nairobi. Ndani yake wamo baba na mama, mtoto wao wa kiume wa miaka 6 mwenye pumu, nyanya ya mtoto aliyekuja mjini kutibiwa macho, na dada anayewasaidia kazi za nyumbani. Mama aliamua kuacha kununua dawa za usafi za madukani na kutengeneza zake kwa vitu vya jikoni. Wiki chache baadaye, dada na mtoto walipelekwa katika kliniki ya mtaa wakikohoa na kutokwa machozi, kwa sababu walikuwa wamevuta gesi iliyotoka chooni mwao wenyewe. Naeleza mambo haya kwa ridhaa ya familia, bila majina wala alama za kuwatambulisha. Maelekezo mengi ya kutengeneza dawa za usafi nyumbani husifu vitu vya asili na kuishia hapo, ilhali usalama wa dawa yoyote hutegemea imekutana na nini, kwa kiasi gani, na kama kila mtu nyumbani anajua kilichomo ndani ya chupa.

Sababu za mama

Uamuzi wake ulikuwa na msingi, na ni haki kulisema hilo mapema, kwa kuwa baada ya tukio baadhi ya jamaa walimlaumu kwa kuacha dawa walizozizoea. Kila Jumamosi nyumba ilipopigwa deki, mtoto alianza kukohoa kabla ya adhuhuri, na usiku kifua chake kilikuwa kikitoa mlio. Bafu na choo viko katika chumba kimoja kidogo ambacho dirisha lake halitazami nje. Linafunguka kwenye uwazi mwembamba wa katikati ya jengo, ambamo madirisha ya vyoo vya nyumba zote za upande huo hufunguka pia, na hewa iliyoingia humo hukawia kutoka. Katika chumba hicho zilitumika, mara nyingi ndani ya saa moja, jiki isiyochanganywa na maji, dawa ya choo yenye asidi, na manukato ya kupuliza.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 6,000 kwa takriban miaka 20. Walionyesha kwamba uwezo wa mapafu ulipungua kwa kasi zaidi kwa wanawake waliofanya usafi, iwe nyumbani kwao au kazini, kuliko kwa wanawake ambao hawakuufanya. Utafiti huo haukuwahusu watoto, na sitaki kuubebesha zaidi ya uzito wake. Hata hivyo, jambo analolishuku mama huyu linaeleweka bila utafiti mgumu: klorini, amonia na matone madogo ya dawa ya kupuliza huwasha njia za hewa, na njia za hewa za mwenye pumu huwa zimevimba tayari, hivyo kitu ambacho kwa mwingine ni harufu tu kwa mtoto huyu ni kifua kubana.

Chupa ya kila kitu

Dawa yake ya kwanza aliitengenezea katika chupa tupu ya lita moja ya maji ya matunda. Alitia kikombe cha siki nyeupe, vijiko vikubwa viwili vya soda ya kuokea, sabuni ya maji aliyoinunua mtaani, maganda ya ndimu na matone ya mafuta ya mkaratusi, kisha akajazia maji. Mchanganyiko ulifura na kutoa povu jingi, na povu hilo ndilo lililomthibitishia kwamba dawa ina nguvu.

Povu hilo ni kaboni dayoksaidi, nayo ni dalili ya siki na soda kuuana. Siki ya kawaida ina takriban asilimia 5 ya asidi ya asetiki, na soda ya kuokea ni alkali dhaifu. Kijiko kikubwa kimoja cha soda, ambacho ni kama gramu 14, huimaliza asidi yote iliyomo katika mililita 200 za siki. Kwa kuwa kikombe chake kilikuwa na mililita 250, vijiko viwili viliimaliza asidi yote na sehemu ya soda ikabaki. Kilichokuwa ndani ya chupa povu lilipotulia ni maji yenye chumvi ya asetati ya sodiamu na soda kidogo iliyoyeyuka. Asidi ambayo ingeondoa ukoko wa bomba haikuwepo tena, na chembe za soda ambazo zingesaidia kusugua sinki nazo zilikuwa zimeyeyuka. Kazi yoyote ambayo chupa ile ilifanya ilifanywa na sabuni ya maji peke yake. Isitoshe, kijiko kimoja cha soda kikikutana na siki ya kutosha hutoa takriban lita 4 za gesi, kwa hiyo mtu anayekaza kifuniko kabla ya povu kwisha anaweza kupasukiwa na chupa mkononi.

Mafuta ya mkaratusi yalitiwa kwa ajili ya harufu na kwa imani kwamba yanafungua kifua. Yanatoka mtini, lakini kiasi kidogo kama kijiko cha chai kikimezwa na mtoto mdogo kimewahi kusababisha degedege, na mvuke wake humwasha mwenye pumu kama manukato mengine yanavyomwasha. Sasa mtu aitazame chupa yenyewe: rangi ya njano, harufu ya ndimu, picha ya matunda ubavuni, imesimama kwenye rafu ya chini ya jikoni katika nyumba yenye mtoto wa miaka 6 na mzee asiyeona vizuri. Nilipoiona niliomba imwagwe papo hapo. Kwa maoni yangu, chupa hiyo ilikuwa na hatari kubwa kuliko dawa zote za dukani alizokuwa ameziacha, kwa sababu zile angalau zilikuwa na maandishi ya onyo.

Kuhusu sabuni ya maji, mama aliambiwa kwamba imetengenezwa nyumbani, na maneno hayo ni ya kweli. Sabuni nyingi zinazopimwa kutoka mitungi katika mitaa ya Nairobi hutengenezwa nyumbani kwa Ungerol (kiungo cha kutoa povu), Ufacid, chumvi, soda, rangi na manukato, vitu ambavyo wauzaji huvinunua katika maduka ya kemikali katikati ya jiji. Siidharau biashara hiyo hata kidogo; inalisha familia nyingi, na sabuni iliyotengenezwa kwa uangalifu husafisha vyombo vizuri. Lakini haikutoka shambani, na ubora wake hutegemea mkono wa mtengenezaji. Ufacid ni asidi kali ya salfoniki ambayo lazima ipozwe kwa soda kwa kipimo sahihi kabla sabuni haijawa salama kwa ngozi. Tulipochovya karatasi ya pH, ile inayopima asidi na alkali, katika sabuni hiyo ilionyesha karibu na 3, yaani asidi, ilhali sabuni ya vyombo inayokubalika mikononi hukaa karibu na 7. Dada alikuwa na mipasuko kati ya vidole vyake kwa muda, na alidhani inatokana na baridi ya Julai.

Sakafu na sufuria

Mama alipoona chupa haifanyi kazi aliyotarajia, hakurudi nyuma, aliongeza nguvu. Alianza kutia siki tupu katika ndoo ya deki, na baada ya majuma kadhaa sakafu ya sebule ikapoteza mng'ao wake na kuwa na madoa ya kijivu. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zina sakafu ya terazo, ambayo ni saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru kisha ikasuguliwa hadi ikang'aa. Saruji na marumaru vyote vina kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote, hata ya siki au ndimu, huila kalsiamu kaboneti polepole. Dekio haliwezi kurudisha mng'ao huo. Linahitajika jiwe la kusugulia na fundi, na gharama yake ni ya mwenye jengo au ya mpangaji kulingana na watakavyosikilizana.

Kwa sufuria, ushauri ulitoka kwa nyanya. Yeye alilelewa akisugua vyombo kwa majivu na mchanga, na ana haki ya kujivunia maarifa hayo, kwani majivu ya kuni yana alkali inayogeuza sehemu ya mafuta kuwa kama sabuni. Mjini hawakuwa na majivu ya kuni, naye akapendekeza magadi yaleyale yanayolainisha maharagwe. Magadi hutoka Ziwa Magadi, Kajiado, kusini-magharibi mwa Nairobi, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Ni mchanganyiko wa asili wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti, nayo ni alkali yenye nguvu zaidi kuliko soda ya kuokea. Huondoa mafuta vizuri sana. Tatizo ni kwamba sufuria za nyumba hiyo, kama za nyumba nyingi, ni za alumini, na alumini huliwa na alkali. Sufuria zilizolazwa usiku kucha katika maji ya magadi zilikutwa zimekuwa nyeusi. Weusi huo hupungua kwa kuchemsha maji yenye ndimu ndani ya sufuria, lakini kila mara hiyo inapotokea alumini kidogo imeondoka.

Katika mambo yote mawili, vitu vya asili vilifanya kazi yake sawasawa: siki ilikula kalsiamu na magadi yalikula alumini. Hakuna aliyekuwa ameuliza sakafu au sufuria imetengenezwa kwa nini.

Asubuhi ya gesi

Ijumaa usiku mama alimimina nusu lita ya siki katika bakuli la choo, ilale humo na kulainisha ukoko wa manjano. Wazo hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu ukoko wa choo ni madini ambayo asidi huyayeyusha, na siki huhitaji saa kadhaa ili ifanye kazi. Hakuvuta maji kwa kuwa siki ilipaswa kubaki, na pia kwa sababu siku hizo maji yalikuwa ya mgao na kila ndoo ilikuwa na hesabu yake. Alilala bila kumwambia mtu.

Dada aliamka kabla ya wengine. Aliona choo hakijatakata, akakumbuka nusu chupa ya jiki iliyobaki nyuma ya mlango, akaimimina yote ndani ya bakuli, kisha akafunga mlango ili harufu isiingie sebuleni, kama alivyofundishwa alikofanya kazi zamani. Baada ya dakika chache alirudi na burashi. Mtoto, aliyetaka kwenda haja, alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Mlango ulipofunguliwa wote wawili walipigwa na harufu kali iliyochoma macho na koo, na mtoto akaanza kukohoa bila kuweza kuvuta pumzi vizuri.

Jiki ni maji yenye sodiamu hipokloraiti, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 6. Ikiwa peke yake, klorini yake hubaki imeshikwa ndani ya maji kwa sababu maji hayo ni ya alkali. Ikikutana na asidi, iwe ya siki, ya ndimu au ya dawa ya choo, klorini hiyo huachiliwa ikiwa gesi. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo na hutokea pia katika mkojo uliokaa, hutoa kloramini, ambazo nazo huchoma mapafu. Gesi ya klorini ina uzito wa takriban mara 2.5 ya hewa, kwa hiyo haipandi kwenda dirishani. Hulala chini na kutambaa. Ndiyo sababu ilipotumiwa kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ilishuka na kujaa katika mahandaki walimokuwa askari. Katika chumba cha choo cha Umoja kiasi kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na hicho, lakini sheria ya uzito ni ileile: kimo cha mtoto wa miaka 6 kilikuwa karibu zaidi na gesi kuliko kimo cha dada, na mapafu yake yalikuwa ya mgonjwa.

Mambo mawili yaliyofanywa baada ya hapo yanastahili kuangaliwa. Nyanya aliwavuta wote hadi kwenye ngazi, kwenye hewa ya wazi, na kufungua madirisha ya sebule. Hilo ndilo jambo la kwanza na la maana kuliko yote. Kisha akaomba maziwa wanyweshwe, kwa desturi inayojulikana kote nchini kwamba maziwa hukata sumu. Maziwa hayafiki kwenye mapafu, na mtoto anayekohoa akinyweshwa anaweza kupaliwa. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, mwenye pumu apewe dawa yake ya kuvuta aliyoandikiwa, na watu wapelekwe kwa daktari hata kama wanajisikia nafuu, kwa sababu maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye. Katika kliniki mtoto alipimwa oksijeni na kupewa dawa ya kufungua njia za hewa kwa mashine ya mvuke, kisha wote wawili wakakaa chini ya uangalizi hadi jioni. Walirudi nyumbani salama.

Jioni hiyo dada alimwambia mama, "Mama, niliona choo bado kina uchafu, ndiyo nikaongeza jiki kama tulivyokuwa tukifanya." Mama akamjibu, "Pole sana, dada. Mimi ndiye niliyebadilisha dawa bila kukwambia."

Jibu hilo la mama lina thamani kubwa katika uchambuzi huu kuliko hesabu zote za kemia. Maarifa mapya yalikuwa ya mtu mmoja, yaliyosomwa kwenye simu usiku, ilhali mikono iliyosafisha nyumba ilikuwa ya mtu mwingine. Katika nyumba nyingi za Nairobi ndivyo ilivyo: anayeamua dawa si anayeitumia. Dada wa kazi hupewa chupa na amri, na ni nadra kuelezwa sababu. Akipewa sababu, yeye mwenyewe huwa mlinzi wa kwanza wa watoto. Mapishi yoyote ya dawa ya usafi yasiyomfikia anayeshika dekio hayajakamilika, na nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa ndiye anayevuta hewa hiyo kwa saa nyingi zaidi kuliko mtu yeyote nyumbani.

Jiki ibaki au iondoke?

Baada ya tukio mama alitaka jiki isionekane tena ndani ya nyumba. Sikukubaliana naye. Sabuni na maji huondoa uchafu pamoja na sehemu kubwa ya vijidudu, na kwa kazi za kila siku hilo linatosha. Lakini nyumba yenye mtoto mdogo, mzee na maji ya mgao haina budi kujiandaa kwa siku ya kuhara na kutapika. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kenya Oktoba 2022 na kuendelea mwaka uliofuata ulifika Nairobi pia. Siki si dawa ya kutegemewa katika hali hiyo, wala ndimu, wala soda. Hakuna hata kimoja kinachoua vijidudu vya aina zote kwa uhakika unaohitajika.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza maji ya klorini ya asilimia 0.1 kwa kusafishia sehemu zinazoguswa, na asilimia 0.5 panapomwagika damu au majimaji ya mwili. Kwa jiki ya asilimia 3.5, mililita 30 katika lita moja ya maji hutoa takriban asilimia 0.1, na sehemu moja kwa maji sehemu sita hutoa asilimia 0.5. Ni lazima mtu asome asilimia iliyoandikwa kwenye chupa yake kabla ya kupima. Mahali paoshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwanza, kwa kuwa uchafu huimaliza klorini kabla haijafika kwa vijidudu, kisha maji ya klorini yaachwe juu yake kwa dakika 10. Maji hayo yatengenezwe siku ileile yanapohitajika, kwa sababu hupoteza nguvu kwa mwanga na joto. Mtoto mwenye pumu awe nje ya nyumba, na madirisha yawe wazi. Kwa vitambaa vya jikoni klorini haihitajiki. Maji yanayochemka na kuanikwa juani vinatosha.

Basi jiki ilibaki, chupa moja, katika kabati la juu lenye kufuli, mbali na siki. Wote wanne walio watu wazima wanajua ufunguo uko wapi na wanajua kwamba haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji.

Mpangilio mpya

Chupa ya kila kitu ilivunjwa sehemu zake, na kila kitu kikapewa kazi yake. Msingi sasa ni sabuni ya kipande, ile ya kufulia isiyo na manukato mengi. Gramu 100 zake hukunwa kwa kikwaruzo, huyeyushwa katika lita mbili za maji moto, na zikipoa huwa uji mwepesi unaotumika kwa deki, kwa vyombo na kwa choo cha kila siku. Hutengenezwa kidogo kidogo, wa wiki moja, kwa sababu hauna dawa ya kuuzuia kuharibika. Hautiwi siki kamwe: mama aliwahi kujaribu na akapata mabonge meupe yenye kunata, kwa kuwa asidi huirudisha sabuni kuwa mafuta ambayo hayayeyuki majini. Sakafu ya terazo hupigwa deki kwa uji huu uliopunguzwa kwa maji, kisha husuuzwa.

Soda ya kuokea hubaki kavu ndani ya mkebe. Inapohitajika, sehemu tatu zake huchanganywa na sehemu moja ya maji hadi iwe kama uji mzito, nayo husugua sinki, friji na chini ya sufuria bila kuikwaruza wala kuila kama magadi. Hamira ya unga (baking powder) haiwezi kuchukua nafasi yake, kwani ndani yake tayari kuna asidi na wanga. Magadi yana kazi moja tu sasa, ambayo ni vigae vya ukutani nyuma ya meko vinavyorukiwa na mafuta: kijiko kimoja katika lita ya maji moto, kwa glavu, na kusuuza vizuri.

Siki ina kazi ya ukoko peke yake. Ikichanganywa na maji kwa kiasi sawa huondoa ukoko mweupe wa birika la umeme ndani ya nusu saa na wa midomo ya bomba ikifungiwa kwa kitambaa kilicholowa. Kwa choo hutumika usiku mmoja kwa wiki, siki tupu, na kifuniko cha bakuli hufungwa kikiwa kimebandikwa karatasi iliyoandikwa "SIKI NDANI". Asubuhi choo humwagiwa maji ya ndoo mara mbili kabla ya mtu kukitumia. Dada ndiye aliyependekeza karatasi hiyo, tena kwa herufi kubwa ili nyanya naye aweze kuisoma.

Hakuna kinachopulizwa. Dawa humiminwa kwenye kitambaa, kitambaa ndicho kinachopita juu ya meza, na matone hayabaki hewani. Mafuta ya mkaratusi yameondolewa nyumbani kabisa. Maganda ya ndimu bado hulowekwa katika siki kwa sababu mama anaipenda harufu yake, nami sikuona sababu ya kumnyima, ila chupa hizo si za vinywaji tena. Ni mitungi midogo ya plastiki yenye maandishi ya kalamu isiyofutika: jina la kitu, tarehe, na mahali ambapo hakifai kutumika.

Hali ilivyo sasa

Kikohozi cha Jumamosi kimekwisha. Mlio wa usiku umepungua, lakini haukwisha, na sitaki familia nyingine isome hapa kwamba sabuni ya kipande inatibu pumu. Daktari alibadilisha dawa ya kuzuia ya mtoto baada ya tukio, na hakuna njia ya kujua nafuu hii ni ya dawa kwa kiasi gani na ya usafi kwa kiasi gani. Vumbi la barabara bado linaingia, moshi wa makaa wa jirani bado unapanda, na mende, ambao mabaki yao ni kichocheo kinachojulikana cha pumu, bado wanatoka kwenye mabomba ya jengo. Kwa mende, kuziba matundu na kutoacha vyombo vichafu usiku kumesaidia kuliko dawa ya kupuliza, ambayo mama ameikataa.

Ngozi ya mikono ya dada imepona. Mama alimpelekea muuzaji wa sabuni ya maji zile karatasi za pH na kumwonyesha jinsi ya kupima. Muuzaji aliona aibu kidogo, akamwambia, "Mama, sisi tulikuwa tunapima kwa macho," kisha akaomba abakiziwe karatasi chache. Ameanza kupima kila mtungi kabla ya kuuza.

Jambo ambalo halijapata suluhisho ni uwazi wa katikati ya jengo. Nyumba ya chini humimina dawa ya choo yenye asidi na ya jirani humimina jiki, na mvuke wa zote mbili hupanda hadi dirisha la bafu la familia hii. Mama na dada wamekubaliana na wapangaji wa ghorofa mbili kwamba usafi wa vyoo ufanywe asubuhi ya Jumamosi kabla ya saa tatu, ili kila nyumba ijue wakati wa kufunga dirisha hilo na kufungua ya mbele. Ghorofa tatu zilizosalia hazijajibu, na ombi la kuwekewa feni ya kutoa hewa liko kwa mwenye jengo.